UZI: Jenereta la petroli la nyumbani hapa Kigoma. Soma cc kwanza, stika baadaye

Mkazi wa Katubuka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila mvua zikikaribia hapa kwetu, watu huanza kuulizana habari za jenereta, na majibu mengi huwa ya bei tu. Tunamtuma mtu dukani na hela yake bila kumwambia akifika aangalie nini. Nimewasindikiza ndugu na majirani wengi kununua, mengine nimeyafungua mwenyewe, kwa hiyo naandika yote ninayoyajua mahali pamoja. Mafundi mliomo humu nisahihisheni.

Wenyeji mnakumbuka kwamba kabla gridi ya taifa haijafika, Kigoma mjini tuliishi kwa majenereta makubwa ya dizeli. Gridi imekuja, lakini laini inatoka mbali sana, inapita mapori na mabonde, na radi za huku mnazijua. Mwenye friza la migebuka au dawa za kutunza kwenye baridi ana sababu ya kutaka umeme wa akiba.

Usianze na jenereta. Anza na karatasi, uandike vitu ambavyo LAZIMA viwake umeme ukikatika. Sio vyote ulivyonavyo. Pasi, birika la umeme na jiko la umeme vifute kabisa, maana birika peke yake linakula wati 1,500 hadi 2,000 na zaidi. Mkaa na gesi vipo.

Nyumba ya kawaida inabaki hivi: taa nane za LED za wati 8, hizo 64. Runinga ya inchi 32 kama 60. Dikoda 15. Feni 60. Simu za familia nzima 30. Rauta 12. Friji likiwa linazunguka, wati 150 hivi. Jumla yake haifiki hata wati 400.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Friji halianzi kwa wati 150. Kompresa inapoamka inavuta mara tatu hadi sita ya hiyo kwa muda mfupi sana, kama mkokoteni wenye magunia, wa kwanza kuuondoa ndiyo jasho, ukishabiringika unakwenda. Kwa hiyo chukua vitu vingine vyote, wati 240, ongeza 900 za kuamsha friji, unapata 1,140. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kabisa, nalo ni mwinuko. Injini ya petroli inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kila unapopanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770, kwa hiyo sisi tumeshapoteza asilimia 9 hata kabla ya kuvuta kamba. Ndugu zetu wa Tabora wako kwenye mita 1,200, wao ni asilimia 14. Kwa hiyo zile 1,140 kwa mtu wa Tabora zinahitaji jenereta linaloweza kutoa zaidi ya 1,300 kwa maandishi ya kiwandani.

Bado ni ndogo, mnaona? Jenereta la kilowati 2 za KWELI linatosha nyumba nyingi za hapa mjini. Neno zito hapo ni kweli. Nitalieleza kwenye posti inayofuata, nakula kwanza.

Mama wa Kibirizi

Asante sana kaka, nafuatilia. Mimi nina friza mbili za samaki na friji moja ya ndani. Je, hesabu inakuwa mara tatu?

Mkazi wa Katubuka

Hapana dada, usizidishe kila kitu mara tatu. Mafriza hayaamki yote kwa sekunde moja isipokuwa ukiyaacha yamechomekwa halafu ukawasha jenereta. Ukifanya hivyo yataamka pamoja na jenereta litazimika. Utaratibu ni huu: chomoa yote, washa jenereta, liache lichangamke dakika mbili tatu, chomeka la kwanza, subiri litulie, ndipo la pili, ndipo la tatu. Hapo unahesabu wati za kuzunguka za yote matatu pamoja na kuamka kwa lile kubwa TU. Lakini kompresa zikishatulia zinazima na kuwaka zenyewe, na kuna siku kompresa mbili zinaweza kuamka kwa pamoja, kwa hiyo wewe jipe nafasi zaidi. Kilowati 2.5 za kudumu.

Na friza lililojaa, mlango usipofunguliwa, linashika baridi kama saa 48. Likiwa nusu, kama saa 24. Friji la kawaida ndilo linalowahi kuchoka, saa 4 hivi. Maana yake huna haja ya kuunguruma usiku kucha. Ukiliwasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni, samaki wako salama.

Turudi kwenye stika. Nenda leo maduka ya Mwanga au popote, utakuta jenereta limebandikwa 5.5 kubwa nyekundu na bei yake inashangaza. Usibishane na muuzaji. Inama, tafuta kibati cha injini au maandishi kwenye mfuniko wa feni, usome cc, yaani ujazo wa silinda ya injini. Ukikuta 196cc, hiyo 5.5 haipo. Injini ya 196cc ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya umeme wetu wa hezi 50, inakupa umeme wa kilowati 2 hadi 2.5 hivi. Kilowati 5 za kweli zinataka injini ya cc 389 na kuendelea. Chuma hakidanganyi, stika inadanganya.

Wakati mwingine hukuti cc, unakuta 168F au 188F. Hizo nazo zinasomeka. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, moja. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita: 68, 88. F ni kupozwa kwa upepo. 168F yenyewe ni 163cc, 168F-1 ni 196cc, 188F ni 389cc. Ukizikariri hizo tatu, hakuna atakayekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna namba mbili za nguvu. Moja ni ya juu kabisa, ambayo jenereta linaimudu kwa muda mfupi tu. Nyingine ni ya kudumu, imeandikwa "rated". Nunua kwa hiyo ya pili. Na ukiona kVA badala ya kW, uliza, kwa sababu kuna mashine ambazo kVA 2.5 zake ni kilowati 2 tu.

Fundi Mwandiga

Mkuu umeongea vizuri. Mimi nasuka mota na majenereta, naongezea la ndani ambalo mnunuzi halioni. Koili. Zamani zilikuwa shaba tupu. Siku hizi mengi ya bei ya chini yamesukwa kwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Aluminiamu inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba, inapata joto, na likizidiwa mzigo mara chache waya unaungua. Tena kuunga waya wa aluminiamu ni kazi, haushiki risasi ya kuungia kama shaba.

Utajuaje dukani? Linyanyue. Jenereta la fremu wazi, yaani lisilo na ganda, la kilowati 2 na nusu hivi linakuwa na kilo 40 na kitu. Ukilinyanyua peke yako bila kukunja uso, jiulize kilichomo. Waya ukikwaruzwa kidogo kwa wembe, rangi nyeupe ya ndani inaonekana, lakini muuzaji hatakuruhusu, kwa hiyo uzito ndio mzani wako.

Hakikisha pia lina AVR, kile kidude kinachoshikilia volti. Bila hicho volti zinapanda na kushuka kila feni inapowashwa, na runinga ndiyo inayoumia.

Kijana wa Isevya, Tabora

Shikamooni wakubwa. Kuna mzee hapa anauza jenereta la mtumba kutoka Ujapani, dogo, safi sana, sauti yake ndogo, brand kubwa. Bei nzuri. Ila soketi zake ni za pini bapa mbili. Nibadilishe soketi tu nitumie?

Fundi Mwandiga

Marahaba. USIBADILISHE SOKETI. Ujapani umeme wao wa nyumbani ni volti 100. Sisi ni 230. Ukichomeka friji la hapa hapo, kompresa haitaamka, itanguruma inaungua. Hata la kutoka Marekani linakuwa la volti 120 na hezi 60. Na mitumba ya Uingereza iliyotoka kwenye kazi za ujenzi, yenye soketi za njano za duara, hizo ni 110. Zote ni mashine nzuri kwao.

Kijana wa Isevya, Tabora

Nikiweka transfoma ya kupandisha volti?

Fundi Mwandiga

Inawezekana kwa taa na runinga. Kwa friji unataka transfoma kubwa yenye nafasi ya lile vuta la kuamka, nayo ina bei na inakula umeme wake yenyewe. Ukijumlisha umeshafika bei ya jenereta la 230. Mwachie mzee wake.

Mkazi wa Katubuka

Naunga mkono. Ila hapo kijana amegusa aina ambayo watu hawaijui, yale yenye inveta ndani. Yanatengeneza umeme, yanaugeuza, yanautoa tena ukiwa umenyooka kabisa, na injini inapunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Mfano unaojulikana ni Honda EU22i: kudumu wati 1,800, juu 2,200, uzito kama kilo 21, tangi lita 3.6. Kwa mzigo wa robo linakwenda zaidi ya saa 8 kwa tangi hilo moja. Mzigo ukijaa, saa 3 na kidogo.

Zipigeni hizo hesabu, maana zinafundisha kitu. Robo ya mzigo ni wati 450, na linakunywa lita 0.44 kwa saa. Yaani uniti moja ya umeme (wati 1,000 kwa saa moja) inakugharimu takribani LITA NZIMA ya petroli. Na hilo ndilo jenereta la kubana matumizi! La fremu wazi halipunguzi mwendo, linazunguka mara 3,000 hata ukiwa umewasha taa moja. Tuseme petroli ni shilingi 3,000, na sisi wa Kigoma tunajua kwenye jedwali la kila mwezi la EWURA, wapangaji wa bei za mafuta, bei yetu iko juu ya Dar kwa sababu ya safari ya lori. Uniti hiyo ni shilingi 3,000, wakati kwenye LUKU, umeme wa gridi wa kulipia kabla, mtumiaji wa kawaida hafiki hata 400.

Ndiyo maana nawasihi msinunue kubwa "kwa ajili ya baadaye". Jenereta la kilowati 5 likiendesha taa na runinga linachoma pesa, na injini isiyopata mzigo wa kutosha inajaza masizi kwenye plagi.

Mzee wa Ujiji

Vijana, nasoma kwa makini. Mimi nyumbani nina taa, redio, runinga na simu. Friji sina. Mwanangu wa Dar anataka kuniletea jenereta. Mnaonaje?

Mkazi wa Katubuka

Shikamoo mzee wangu. Kwa mzigo huo mwambie asikuletee jenereta kabisa. Akuletee paneli ya sola na betri. Hupigi kamba, huhifadhi petroli ndani ya nyumba, hakuna moshi. Jenereta lina maana pale penye kitu chenye kompresa au mota. Kwa taa na runinga ni mzigo kwako, na kuvuta kamba kila jioni katika umri wako sikushauri.

Hata vile vidogo vya kubeba kwa mkono mmoja, vinavyochanganywa oili ndani ya petroli, vya wati 650 hivi, mzee usivikubali. Vina kelele na moshi, na friji haviliamshi. Ukikosea mchanganyiko, injini imekufa.

Mzee wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, nitamwambia.

Muuguzi Gungu

Jamani samahani kuingilia. Mmeongea nguvu na bei lakini hakuna aliyesema linawekwa WAPI, na hili ndilo linaloua.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inashikana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri lakini mwili haupati hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Sasa niambieni, hapa Kigoma mtu akipata hizo atasema nini? Malaria. Atameza dawa na kulala, na jenereta linaendelea kuunguruma chini ya dirisha.

Ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jenereta linawaka, hiyo sio malaria. Watoe wote nje kwenye hewa, zima, mpeleke hospitali yeyote aliyezidiwa, na UWAAMBIE wahudumu kwamba palikuwa na jenereta. Ukinyamaza, tutaanza kutafuta vimelea na muda unapotea.

Likae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani na milangoni, ekzosi ikielekea mbali na nyumba yako na ya jirani. Stoo hapana, korido hapana, jikoni hapana. Kibaraza chenye kuta tatu nacho ni ndani. Kufungua dirisha hakutoshi. Nawaomba sana.

Mama wa Kibirizi

Dada yangu, watu wanaliweka ndani kwa kuogopa wezi na mvua. Ndiyo hali halisi.

Muuguzi Gungu

Najua, na sisemi waliache lipotee. Lakini mtu hafi kwa kuibiwa jenereta.

Fundi Mwandiga

Hilo lina dawa. Mimi huwatengenezea watu kibanda cha nondo: paa la bati moja juu, pande zote nne nondo zilizochomelewa, sakafu ya zege iliyoinuliwa kidogo maji yasipite. Ndani unapachika pete ya chuma kwenye zege, unalifunga kwa mnyororo na kufuli. Mvua hailigusi, hewa inapita, mwizi anahangaika. Msizibe pande kwa mabati, hata mkisikia kelele. Likikosa upepo linachemka, na wakati wa kulitia petroli moto hauko mbali.

Kwa kuwa nimeanza kusema, niseme la waya pia, maana nakutana nalo mitaani kila mara. Watu wanatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, umeme unaingia nyumba nzima kinyumenyume. Umeme huo unatoka kupitia mita mpaka kwenye laini ya mtaa. Transfoma ya mtaani inayoshusha volti, ukiiingizia kutoka chini INAPANDISHA. Fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo anajua laini imekufa, kumbe wewe umeiwasha. Na laini ikirudi ghafla jenereta lako linalipuka koili. Ile plagi ya pili nayo, ukiichomoa, pini zake zina umeme wazi. Mtoto akiishika, basi.

Weka swichi ya chenjiova baada ya mita. Ina nafasi tatu: laini, katikati hakuna kitu, jenereta. Haiwezekani zote mbili ziwe pamoja. Mpe kazi fundi mwenye leseni, usimpe kijana wa kuchaji simu. Kama bajeti haifiki, tumia ekstensheni nene ya waya wa milimita za mraba 2.5, uipitishe dirishani moja kwa moja mpaka kwenye friji. Ekstensheni nyembamba ndefu inashusha volti na friji linashindwa kuamka, halafu watu wanalaumu jenereta.

Kijana wa Isevya, Tabora

Fundi, nimeghairi la mzee. Swali la mwisho: kati ya la inveta na la fremu wazi ungechukua lipi? Nina friji, runinga, kompyuta na pampu ya kisima ya farasi moja.

Fundi Mwandiga

Pampu ndiyo inayoamua. Farasi moja ni wati 746 kwenye mhimili, lakini kutoka kwenye waya inavuta kama 1,100, na kuamka inafika 3,000 na zaidi. Ondoa asilimia zako 14 za Tabora. La inveta dogo halitaiamsha. Ama ununue la fremu wazi la 389cc, ama ujaze tenki la juu umeme ukiwepo na pampu uitoe kwenye hesabu.

Mkazi wa Katubuka

Mimi ningejaza tenki. Simtanki la lita 1,000 kwenye mnara ni akiba ya maji ya siku kadhaa bila tone la petroli. Kisha friji, runinga na kompyuta vinaendeshwa na dogo.

Ila hapo mimi na fundi tunatofautiana kidogo. Napenda la inveta kwa sababu ya mafuta na majirani. Nyumba zetu zimebanana, mtoto wa jirani ana haki ya kulala.

Fundi Mwandiga

Nakubali kuhusu kelele. Ila likiharibika bodi yake ya ndani, hapa Kigoma spea unaagiza. La 196cc, kabureta, plagi, AVR, kamba, pistoni, vyote vinapatikana kwa sababu injini ni ile ile ya pampu za kumwagilia na mashine za kusaga. Mtu wa Uvinza au Buhigwe mwenye fundi mmoja wa pikipiki kijijini, namshauri la fremu wazi lenye koili za shaba. Wa mjini mwenye hela, achukue la inveta.

Mkazi wa Katubuka

Hapo nakubali, sina la kubisha.

Mama wa Kibirizi

Mimi nimeamua la 196cc la shaba, na nitachomeka friza moja moja kama mlivyosema. Nielekezeni kulitunza, maana litakaa muda bila kutumika.

Fundi Mwandiga

Mama, petroli ikikaa kwenye kabureta zaidi ya mwezi inaacha gundi na tundu dogo linaziba. Ukimaliza kazi na hujui lini utaliwasha tena, funga koki ya mafuta liache liendelee kuunguruma mpaka lizime lenyewe. Kila mwezi liwashe robo saa likiwa na mzigo, sio tupu.

Petroli usiitie likiwa la moto. Zima, subiri lipoe. Ihifadhi kwenye dumu la mafuta lenye mfuniko wa kukaza, nje ya nyumba, sio kwenye chupa za maji.

Oili ni ya injini ya viharusi vinne, 10W-30, kama lita 0.6. Ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20 za kazi, kwa sababu injini mpya inamwaga unga wa chuma. Baada ya hapo kila saa 100 au miezi sita. Na majenereta mengi mapya husafirishwa bila oili ndani kabisa, kwa hiyo ukilifikisha nyumbani fungua kijiti, pima, tia oili, ndipo uvute kamba.